Kisanduku cha kuitia bata mzinga: mlio mkubwa unatoka, mdogo unakataa

Mfugaji_Njoro
Hamjambo wadau. Bata mzinga wangu wanazurura mchana kutwa kwenye shamba la ngano lililokwisha vunwa, na jioni badala ya kuingia bandani wanataka kupanda migrevilea walale huko. Nimeletewa kutoka Marekani kile kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachozunguka kwenye skrubu, ambacho wawindaji wa huko hutumia kuita bata mzinga wa porini. Mlio wa nguvu unatoka bila taabu. Ninachotaka ni ile milio midogo: "tok" ya mmojammoja na ule mkoromo laini wa jike akila. Nikipunguza nguvu napata mkwaruzo, ama kimya kabisa. Na nikipiga "tok" wote wanainua shingo na kutawanyika. Chini ya kifuniko nimepaka chaki ya fundi cherehani. Je, nikaze skrubu ama nilegeze?

MamaBata_Bahati
Skrubu iache kwanza. Una shida mbili na kila moja ina chanzo chake.

Kimya na mkwaruzo vinatoka kwa chaki. Baadhi ya chaki za cherehani zina nta ndani, na nta inafanya kifuniko kiteleze bila kung'ata. Chora mstari mzito kwenye karatasi nyeupe kisha inua karatasi juani. Ukiona alama inang'aa kama tone la mafuta, hiyo chaki haifai. Tafuta chaki kavu ya ubao, ya kawaida, ile inayomwaga vumbi. Ya rangi achana nayo.

Kabla ya kupaka mpya, toa ile ya zamani yote. Chukua sponji ya kijani ya kuoshea sufuria, iwe mpya na kavu, usugue tumbo la kifuniko, yaani upande wake wa chini, polepole kwa urefu wa mbao mpaka mng'ao uishe. Usitumie msasa hata ule laini kabisa. Lile tumbo limechongwa kwa mviringo mdogo, na msasa ukilisawazisha, sauti imekwenda na hairudi. Halafu usiliguse kwa vidole tena, ngozi nayo ina mafuta.

Kutawanyika ni jambo lingine. "Tok" yako ni kali mno na imekatika ghafla, kwa hivyo wanasikia "pt!", na hiyo kwao ni habari ya mwewe au mbwa. Bata mzinga wa kufugwa hawakupoteza lugha ya wenzao wa porini, milio ni ile ile. "Tok" ya amani ni ya duara, ina mwili kidogo, na baada yake kuna nafasi ya sekunde mbili tatu. "Pt" ni kavu na mara nyingi hufuatana. Ukimaliza "tok" moja, weka mkoromo nyuma yake hata kama ni mfupi. Ndege mwenye hofu hakoromi, kwa hivyo mkoromo huo ndio unaowatuliza.

Kipsang_wa_Molo
Naongezea kwa chaki: kwenye kifuniko pekee. Kingo za kisanduku, pale kifuniko kinaposugua, usiziguse.

MamaBata_Bahati
@Kipsang hapo hatukubaliani. Ukingo mpya ambao haujalainika unakubali mpako mmoja mwepesi sana. Lakini kweli, ukipaka kila mara unajaza unga ndani na sauti inakuwa ya kukaukiwa.

Kipsang_wa_Molo
Sawa, mmoja. Wa pili hapana.

Mfugaji_Njoro
Asanteni sana. Chaki ina nta, karatasi imesema. Sasa mkono: kisanduku kinashikwaje? Mimi nakikumbatia kiganjani, vidole vimepanda mbavuni.

Okwiri_Seremala (Kisumu)
Vidole vikipanda mbavuni umefunga mdomo wa kisanduku. Zile mbavu mbili nyembamba ndizo zinazotetemeka, unene wake ni kama milimita tatu tu. Kilaze kiganjani kikae kwenye sakafu yake, ncha za vidole zishike ile pembe ya chini. Baadaye ukishazoea unaweza kutumia hilo hilo kwa makusudi: gusisha kidole kimoja ubavuni na sauti inashuka bila kubadilisha mkono mwingine. Ni njia nzuri wakishakaribia hatua kumi hivi.

Mpini wa kifuniko usiushike ngumi. Ushikwe kwa kidole gumba na cha shahada, wepesi kama unashika kalamu. Watu wengi wanaharibu hapa, wanakandamiza wakidhani ndiyo wanadhibiti. Kwa milio midogo uzito wa kifuniko chenyewe unatosha, mkono wako ni wa kukiongoza tu.

Mlio wa kawaida wa jike una sehemu mbili, unaanza juu na kukatikia chini. Kifuniko kisiinuke ukingoni. Kisogeze kama sentimita moja na nusu, kirudishe taratibu bila kukibana ukingoni, piga tena. Mitatu hadi mitano kwa mwendo sawa, basi. Sauti ikibaki ya juu tu, mwendo wako ni mfupi mno. Ikikwaruza mwishoni, umepitiliza.

Sikiliza pia mbavu zote mbili. Kisanduku kizuri hakitoi sauti sawa pande zote, ubavu mmoja huwa mwembamba kidogo na sauti yake ni nzito zaidi. Chagua ule unaofanana na majike wako wakubwa.

Naliaka_Kuku_na_Bata
Mkoromo sasa, kwa sababu ndio unaoshinda wengi.

Usikilaze kisanduku kabisa. Kiinamishe ubavuni, karibu kisimame, ili sehemu ya uzito wa kifuniko iondoke ukingoni. Weka kifuniko kiguse ukingo, kisha kiburute polepole sana kwa sentimita mbili hivi. Polepole maana yake sekunde nzima au zaidi kwa hizo sentimita mbili. Ukifanya sawa, utahisi kwenye kidole gumba kabla ya kusikia: kifuniko hakitelezi, kinarukaruka vituo vidogo vidogo, trrrrr. Vituo hivyo ndivyo mkoromo wenyewe. Ukisikia mluzi mmoja mrefu, unakandamiza au unaenda mbio. Ukisikia "shhh" bila sauti, chaki imejaa, ifute kwa kitambaa kikavu.

"Tok" ya upole ina njia mbili. Ya kwanza: kifuniko kikae ukingoni, gumba la mkono ulioshika kisanduku likizuie kisiende mbali, halafu sukuma mara moja kwa upana wa punje ya mahindi. Ya pili ni rahisi kwa anayeanza: acha kifuniko kimelala ukingoni na ugonge mpini kutoka juu kwa kidole kimoja, kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha. Ukitumia ukucha unarudi kwa "pt".

Mpangilio wa jioni: milio mitatu midogo, kimya, "tok", mkoromo, "tok", kimya kirefu. Kimya kina kazi yake. Jike halisi hapigi kelele mfululizo, na ukimpigia filimbi za trafiki atakukimbia tu.

Kipsang_wa_Molo
Na skrubu, kwa vile uliuliza: ukishafanya yote hayo na kifuniko bado kinayumba huku na huku, kaza robo ya mzunguko, usizidishe. Weka alama ya penseli kwanza kwenye kichwa cha skrubu na kwenye mbao, ili ujue pa kurudi. Kukaza sana kunapandisha sauti na kuifanya ngumu, ambavyo ni kinyume cha unachotafuta.

Jirani_Lanet
Mtu akitaka cha kununua hapa Nakuru? Ama seremala anaweza kutengeneza? Na kanga wanaitika? Kuna wengi huku chini.

Okwiri_Seremala (Kisumu)
Seremala mwenye mkono anaweza. Urefu kama sentimita ishirini, mbavu za mtarakwa uliokauka vizuri, nyuzi za mbao zikienda kwa urefu, kifuniko cha mbao ngumu zaidi kama mvule. Mbao mbichi ya juzi kutoka kwa mashine ya kupasulia haifai, itajipinda. Vanishi unaweza kupaka nje, lakini isifike kwenye kingo wala tumbo la kifuniko. Kazi ngumu iko kwenye mviringo wa lile tumbo: chonga kidogo, jaribu, chonga tena. Umbo lenyewe si geni, huko Marekani lilipewa hataza mwaka 1897.

Kanga waache. Kisanduku hiki hakikutengenezwa kwa mlio wao, na kama unawaza kuwinda, sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa burudani.

Naliaka_Kuku_na_Bata
@Mfugaji_Njoro sauti peke yake haitawaleta siku zote. Saa kumi na moja unusu jioni, kabla mwanga haujaanza kuwavuta mitini, piga ukiwa mlangoni mwa banda na umwage mahindi ya kuvunja kiasi cha viganja viwili. Mlio kwanza, mahindi baadaye, na mahindi hayo yasitolewe wakati mwingine wowote bila mlio. Wakishaanza kupanda, umechelewa. Na usiwaitie kwenye uwanja wa kuku. Kuku hubeba mayai ya minyoo yenye vijidudu vya ugonjwa wa kichwa cheusi bila kuumwa sana, lakini bata mzinga wakivipata wengi wanakufa.

Tena kisanduku kisilale nje. Huku kwetu Kakamega mvua za alasiri zinavimbisha mbao na sauti inazama. Kiweke ndani ya mfuko wa mkate, kitambaa kikavu kati ya kifuniko na kisanduku, na mpira wa kufungia pesa juu yake. Kikilowa, kiache kikauke kivulini, mbali na jiko.

Mfugaji_Njoro
Mkoromo umetoka, ule wa kuinamisha. Majike wanageuza kichwa na kuendelea kula, hawakimbii. Swali la mwisho: kuna dume anayejibu kila nikipiga, anapanua mkia, anavimba, halafu hasogei hata hatua.

MamaBata_Bahati
Huyo yuko sawa. Kwa kawaida yao dume hujibu na kujionyesha, jike ndiye anayemwendea. Kwa hivyo anakungoja wewe. Usiongeze sauti, utamfanya asimame hapo mpaka giza. Elekeza kisanduku kwa majike, wale wakubwa wawili watatu wanaotangulia wengine. Wakishaingia bandani na yeye akajikuta amebaki kumjibu mtu mwenye mbao, atawafuata.