Tulilipa kuona Kinjeketile, tukaonyeshwa tangazo la maji ya chupa. Nataka hela yangu

Wakuu, nimesubiri siku nne hasira ishuke. Haijashuka, kwa hiyo naandika nikiwa nayo.

Kuna kikundi cha maigizo hapa Dar, sikitaji jina, walionunua tiketi wanakijua. Mapema mwaka huu walitangaza msimu wa tamthilia zetu kongwe, nne, moja kila mwisho wa mwezi: Mabepari wa Venisi ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, inayohusu kiongozi wa Vita vya Majimaji, Lina Ubani ya Penina Muhando, na kufungia Mashetani ya Hussein huyohuyo. Tiketi ya msimu mzima 60,000. Nikachukua mbili, 120,000, nikatuma kwa simu siku ileile. Mimi nauza vitenge Kariakoo. Hela hiyo naijua ilivyopatikana.

Tiketi ya pili ilikuwa ya baba. Baba ni Mmatumbi wa Kipatimu, mwalimu mstaafu, ana miaka 76, na tangu mama atutoke anakaa kwangu Mbagala. Miaka ya sabini akiwa chuo cha ualimu alicheza Kitunda, mmoja wa viongozi wa Wamatumbi, kwenye hiyohiyo Kinjeketile. Mpaka leo mkikaa naye barazani akichangamka anakutolea maneno ya Kitunda bila kitabu. Nilipomwambia inachezwa mjini, wiki nzima alikuwa ananiuliza kama kanzu yake imerudi kwa dobi.

Mabepari wa Venisi ilikuwa mbovu, nitaipita haraka. Waigizaji wanasoma mistari kwenye simu. Shailoki, yule mkopeshaji, amesimama mahakamani anadai nyama ya mdeni wake huku kidole kinapandisha na kushusha kioo kutafuta alipoishia. Tafsiri ile ya 1969 imepimwa neno kwa neno, ukiikatakata inakuwa kelele. Lakini nikajisemea hawa ni vijana, wanajitolea, tuwape muda. Baba naye akasema hivyohivyo.

Sasa Kinjeketile.

Tiketi inasema saa 12 jioni. Pazia limefunguliwa saa 2 kasoro robo, baada ya mshereheshaji kupiga porojo nusu saa na kututaka tumpigie makofi mdhamini mara tano. Mdhamini ni kampuni ya maji ya kunywa. Mnaanza kuona tunakoelekea.

Nitakuwa mkweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Wale kinadada wawili waliocheza Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda, wanaongea habari ya chakula hakipo na mume aliyejifungia ndani, walinishika. Mmoja alikuwa anapepeta ungo mtupu, hana hata punje ndani, na mikono inaendelea tu. Baba akanigusa goti. Binti yule kama anasoma hapa, ajue hasira hii haimhusu.

Baada ya hapo kila kitu kikaenda mrama. Kinjeketile anapandwa na Hongo, pepo wa mtoni, mahali ambapo ukumbi mzima unatakiwa uache kupumua, wao wakafungulia singeli. Mtu anagaragara kwa mdundo wa singeli, watu wanacheka, wengine wanasimama kurekodi. Kisha akaingia mtoni, akatoka na chupa. Chupa ya plastiki ya mdhamini, lebo imegeuzwa kwetu, taa imeelekezwa pale. Wapiganaji wakapanga foleni, kila mmoja akapewa chupa yake, akafungua kifuniko, akanywa, akasema "Ahh!" kama kwenye televisheni.

Kwa wasiojua, maji yale ndiyo Kinjeketile aliwagawia watu akiwaambia risasi za Mjerumani zitageuka maji, nayo yalichanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Kwa ajili yake watu wa Umatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine waliokuwa hawaelewani waliingia vita moja dhidi ya Mjerumani. Nandete, kule kwetu kwenye vilima, ndiko waling'oa pamba mwezi Julai 1905, na vita ikashuka hadi Songea. Halafu Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Babu yake baba alikuwa mtoto wakati huo. Alibaki yeye na dada yake mmoja, basi. Hiyo ndiyo habari iliyobandikwa lebo.

Na bado hawakuishia hapo. Waliosoma tamthilia wanajua kuna neno linaloipindua yote: Hongo anasema kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani sultani Mwarabu wa Zanzibar. Kinjeketile akizinduka akaambiwa alichokisema, anavunjika. Anatambua neno limemtoka kinywani, watu wamelibeba, na ndani yake kuna utumwa mwingine. Kuanzia hapo anapigana na neno lake mwenyewe, hawezi kulirudisha. Ukitoa sehemu hiyo, Kinjeketile anakuwa mganga tu aliyedanganya watu. Wameitoa yote! Hakuna Seyyid Said, hakuna shaka, hakuna ugomvi wake na Kitunda wa kutaka wasubiri.

Na mwisho wake kitabuni? Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka aseme maji ni uongo, anakataa kwa sababu anajua akisema hivyo amewaua mara ya pili waliokufa na amewafunga mdomo watakaokuja. Sisi mwisho wetu ulikuwa bunduki za plastiki kupiga "ta-ta-ta", wote wakaanguka, taa zikazima, zikawaka, maiti wakainuka wanacheza, na meneja wa mdhamini akapanda jukwaani kupiga picha na Kinjeketile.

Baba hakupiga makofi. Kwenye daladala alikaa kimya mpaka Mtongani, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, Kitunda alikuwepo?" Nikamwambia alikuwepo baba, yule mwenye fulana nyekundu. Akasema, "Sikumtambua." Hakuongea tena mpaka nyumbani. Kanzu ameirudisha sandukuni.

Nimewaandikia viongozi wa kikundi kwenye grupu la WhatsApp la wenye tiketi, kwa heshima kabisa. Jibu: sanaa lazima iende na wakati, vijana hawawezi kukaa saa mbili kusikiliza maneno mazito, na bila mdhamini hakuna onyesho. Nilipojibu wakanitoa kwenye grupu. Basi nawajibu hapa. Mdhamini mbandikeni mlangoni, mshukuruni mwanzo na mwisho, auze maji yake nje kwenye mapumziko, hakuna atakayenuna. Na vijana msiwasingizie. Nyuma yangu walikaa wanafunzi wa sekondari na sare zao, kwenye tukio la ungo walikuwa kimya kabisa. Walianza kucheka nyie mlipowaambia wacheke.

Juzi ikaja meseji: Lina Ubani "imeahirishwa", badala yake kutakuwa na usiku wa vichekesho, tiketi zetu zitatambuliwa mlangoni. Mimi sikununua vichekesho. Vichekesho vipo kila Ijumaa mjini hapa na wanaovitaka wanajua pa kwenda.

Ninachodai: nirudishiwe 90,000, yaani maonyesho matatu kwa tiketi mbili, hiyo ya Venisi nawaachia. Na Mashetani, kama kweli wanaicheza, watutangazie kabla kama wanacheza maandishi yalivyo au wameikata, ili mtu aamue mwenyewe. Wenzangu wenye tiketi za msimu, wekeni hapa mlilipa kiasi gani na lini, na hifadhini ujumbe wa malipo. Tukifika kumi tunakwenda ofisini kwao pamoja, siku ya kazi, asubuhi.

NYONGEZA: Kuna kiongozi wao ameniona hapa, amenifuata PM. Ananipa tiketi mbili za bure za viti vya mbele usiku wa vichekesho, na katoni mbili za maji. Nimekataa. Namba yangu ya simu anayo, ndiyo iliyomtumia hela.