Ziwa mlangoni, robine kavu: fakture ninalipia nini?

Wana Goma, leo sina salamu ndefu. Hii ni siku ya kumi na moja robine ya parsele yetu huku Ndosho haijatoa hata tone, na asubuhi kijana wa fakture wa kampuni ya maji kabisha hodi. Nikampokea karatasi yake, nikampeleka mpaka kwenye robine, nikaifungua mbele ya macho yake. Ikakohoa, ikatoa buibui. Buibui mzima, na miguu yake yote! Kijana akaangalia chini: "Mama, mimi naleta karatasi tu."

Haya, tuhesabu. Bidoni ya lita 20 kwa wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wiki hii ni franka 500. Tuko watu saba, na tukijibana sana tunamaliza bidoni tano kwa siku. Hiyo ni lita 100, haifiki hata lita 15 kwa kichwa, kile kipimo cha chini ambacho mashirika ya misaada hujiwekea kwa watu wa kambini. Mimi nina mita ya maji ukutani! Mita ya ujazo moja ni bidoni 50, kwa hiyo ninainunua kwa franka 25,000, halafu ninaletewa fakture ya maji ambayo sijayaona.

Na asije mtu hapa kuniimbia ukame. Wenye ukame ni Namibia, nchi ambayo mito yake isiyokauka iko mipakani tu. Kule Windhoek tangu 1968 wanasafisha maji machafu ya mji mpaka yanarudi kunyweka. Sisi tuna Ziwa Kivu, kina chake kinapita mita 450, na nikitoka hapa kwa mguu saa moja haiishi niko ufukweni.

Najua, najua. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha inamezwa, mto hatuna, kisima utachimba na nini. Maji lazima yasukumwe kutoka ziwani kupanda juu, na umeme ukikatika pampu zinalala. Najua pia kwamba tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitupitia na mabomba. Volkano siishitaki. Ninachouliza ni kimoja: hayo maji machache yanayopanda, nani anapanga yaende wapi na lini?

Hakuna zamu. Kartie za chini wanapata, sisi hapana. Mwenye pesa anafunga kipampu chake kwenye bomba anavuta ya avenyu nzima, na wote tunamjua. Yakija huku ni usiku wa manane bila taarifa. Sisi tumeshabuni dawa yetu: robine tunaiacha wazi, chini tunaweka beseni la bati, ili tone la kwanza likidondoka kelele ituamshe. Nalala sikio moja kama mama wa kichanga.

Asiyeamka anatuma watoto ziwani. Wale vijana wa klorini wakiwepo, wanakupigia sindano moja kwenye bidoni, unasubiri nusu saa ndipo unywe. Wasipokuwepo? Mtoto mwenye kiu hasubiri. Juzi mtoto wa jirani kalazwa kwa kuhara, yuko kwenye seramu mpaka leo, na mama yake ndiye aliyekuwa akinicheka kwa kuchemsha maji ya kupigia mswaki. Mji huu ulizika watu kwa kipindupindu 1994, hatuhitaji kufundishwa.

Siombi maajabu. Watu wa kampuni ya maji waandike zamu kwenye karatasi, kartie kwa kartie, siku na saa, wampe kila nyumbakumi aibandike ukutani. Hata ikiwa mara moja kwa wiki, nitajipanga, bidoni zangu zitakuwa tayari. Na siku ambazo bomba ni kavu zitolewe kwenye fakture. Mpaka hapo silipi, na walio Katoyi na Majengo waseme hapa chini kama kwao ni tofauti.

Nyongeza, saa nane usiku: beseni limelia! Nimejaza bidoni sita, ya saba ikakatikia katikati. Rangi ni ya chai ya rangi. Nimeziacha zitulie mpaka asubuhi, na ile fakture nimeifunikia ndoo.