Starlet: tupeane uzoefu wa kuitunza na kuitengeneza, kuanzia Soleil mpaka Glanza

Mleta mada, Dar es Salaam (EP82 Soleil)

Wakuu habari zenu. Toyota Starlet yangu niliachiwa na marehemu baba mwaka 2011, na mpaka leo naendea kazini nayo kila siku, Mbagala hadi Posta. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila nikienda Gerezani kutafuta spea nakutana na mtu mwenye Starlet iliyoharibiwa na mafundi kuliko ilivyoharibiwa na uzee. Toleo la EP82 (kama Soleil yangu, na GT ya turbo) lilitoka 1989 hadi 1995, likafuata EP91 (Reflet, na Glanza V ya turbo) la 1996 hadi 1999, kisha Vitz ikachukua nafasi. Ina maana hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 25. Kila mwenye nayo atueleze aliyoyapitia. Wa turbo (pampu inayosukumia injini hewa ya ziada) pia karibuni.

Naanza na yangu. Mwaka 2016 ilianza kuchemsha kwenye foleni ya Mtongani. Fundi wa kwanza akatoa themostati (mlango wa maji kati ya injini na rejeta), akaniambia kile kidude ni cha nchi za baridi. Mshale wa joto ukashuka kabisa, nikamshukuru. Baada ya wiki mbili nikaona mafuta ya wiki nzima yanaisha siku ya nne, na plagi zimekuwa nyeusi tii. Fundi wa pili akasafisha nozeli, akaniuzia plagi mpya, hali ikabaki vilevile.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Temeke. Gari ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa, akashika hozi ya juu ya rejeta, akaniuliza, "Themostati yako iko wapi?" Akanifafanulia kwamba themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Isipokuwepo, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu injini inapowaka, injini haifikii joto lake, na kompyuta inaposomewa na sensa kwamba injini bado ya baridi inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi. Petroli hiyo ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni zinalika. Yaani nilikuwa naimaliza injini huku nikidhani naipooza.

Kilichokuwa kinachemsha gari ni rejeta. Alipoivua, mirija ya chini ilikuwa imeziba kwa kutu, kwa sababu tangu enzi za baba tulikuwa tunajaza maji ya bomba. Tukaweka rejeta nyingine, themostati mpya na kulanti (maji maalumu ya rejeta). Tangu siku ile mshale unakaa chini kidogo ya katikati, hata jua la Februari.

Mchangiaji wa Arusha (EP91 Reflet)

Kaka umenigusa. Yangu ilikuwa inachemsha mjini tu, nikishika barabara ya Moshi inatulia. Gereji nikaambiwa gasketi ya silinda hedi imeungua, nilipie kuifungua hedi na kuiskimu (kuisawazisha uso). Nilikuwa nimeshaanza kukopa hela. Kaka yangu akaja, akafungua swichi ya gari bila kuwasha injini, akachomoa soketi ya swichi ya joto inayoongoza feni. Feni ikazunguka papo hapo. Kumbe kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ile hukata mzunguko wake injini ikipata joto, na hapo ndipo relei inawasha feni. Ukichomoa soketi ni kama umeiambia gari imechemka. Kwa hiyo feni nzima, relei nzima, swichi ndiyo mbovu. Tuliimaliza kazi ile nyumbani mchana huohuo.

Sisemi gasketi haziungui. Dada na kaka zangu, dai vipimo kabla hujakubali kufunguliwa injini: je, kuna mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma? Maji yanapungua bila kuvuja popote? Oili imegeuka kama chai ya maziwa? Yangu haikuwa na hata moja.

Mchangiaji wa Unguja (EP82)

Huku kwetu injini si shida, bodi ndiyo inayotumaliza. Chumvi inakula matao ya magurudumu ya nyuma, na pale juu panaposhikilia shokapu za nyuma. Jirani yangu alipaka puti na rangi, gari ikang'aa, na baada ya masika mbili shokapu ikachomoza hadi ndani ya buti. Anayenunua Starlet iliyokaa pwani anyanyue kapeti la buti, agonge bati kwa kidole. Mimi nikirudi shamba naipiga maji baridi yasiyo na chumvi chini, kila mara, sikosi.

Mchangiaji wa Mombasa (EP82 GT Turbo)

Salamu zenu. Mimi niongelee mnyama. Injini ni 4E-FTE, ujazo uleule wa cc 1331 kama wa ndugu yake asiye na turbo, 4E-FE, lakini inatoa nguvu za farasi 135 kwenye gari lisilofika kilo 900. Ndiyo maana kosa dogo la matunzo linaonekana haraka.

Yangu ilipoteza nguvu ghafla. Mafundi wawili wakasema turbo imekufa, nitafute nyingine. Spea ya turbo ya CT9 iliyo nzima siku hizi ni kazi kuipata, nikakata tamaa, gari ikalala miezi mitatu. Fundi wa tatu akaziba njia ya hewa, akapuliza hewa kidogo kwa kompresa, akapaka maji ya sabuni kwenye mabomba yote. Mapovu yakatoka chini ya bomba la mpira linalotoka kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo). Lilikuwa na ufa usioonekana mpaka presha iufungue. Bomba moja tu, na gari ikarudi! Nawaomba wenye Glanza V pia mpime mabomba kabla ya kuihukumu turbo, na mvikague vile vimpira vyembamba vya presha, vinakauka na kupasuka.

Mengine niliyojifunza: intakula ya GT iko juu ya injini, inapata hewa kupitia tundu la boneti. Nikitoka kwenye foleni ya Likoni imeshakuwa jiko, kwa hiyo sikanyagi mpaka nitembee kidogo ipate upepo. Nikifika nyumbani baada ya mwendo mkali naiacha ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, maana shafti ya turbo inaelea kwenye oili, na oili ikisimama ghafla pale kwenye moto inaungua na kuwa makaa. Oili nabadilisha kila kilomita 4,000. Kile kitufe cha hali mbili za presha nakiacha chini. Gari hizi zilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, na nikiweka hali ya juu kwa petroli ya kawaida nasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Sauti hiyo ukiisikia, achia mguu.

Mchangiaji wa Nairobi (EP91, ilikuwa Reflet)

Wazee, mimi nilijifunza kwa pesa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo huwezi kuleta Glanza V leo. Nikaamua kuitengeneza yangu: nikanunua turbo Grogan, kwenye maduka ya spea, nikaifunga kwenye 4E-FE yangu. Ilivuta vizuri mwezi mmoja na kidogo. Siku moja Thika Road moshi mwingi, nguvu hakuna. Tulipofungua, pistoni ya tatu imevunjika katikati ya mifereji ya ringi.

Sababu ni hii: 4E-FE inabana mchanganyiko kwa uwiano wa 9.6 kwa 1, ile ya turbo kiwandani ni 8.2 kwa 1. Ukiongeza presha ya turbo juu ya mbano wa 9.6, tena kompyuta haijui kwamba kuna turbo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati na pistoni ndiyo inapigwa. Mara ya pili nilinunua seti kamili kutoka gari moja lililogongwa nyuma: injini, gia boksi, waya, kompyuta, draivu shafti. Na breki za mbele, tafadhali. Ukiongeza farasi 50 juu ya zile 85 za Reflet ukabaki na breki za Reflet, umejitengenezea ajali.

Mchangiaji wa Mwanza (EP91)

Wakuu, yangu inakula oili, nusu lita kwa mwezi. Haivuji. Gereji wanasema ovahoo (kufungua na kufufua injini nzima). Nifanyeje?

Mleta mada

Pole mkuu. Kesho asubuhi mwombe mtu asimame nyuma wakati unawasha ikiwa imelala usiku kucha. Halafu ukiwa barabarani mwache akuangalie ukikanyaga. Tuambie moshi wa bluu unatoka lini.

Mchangiaji wa Mwanza (EP91)

Nimefanya. Umetoka nilipowasha tu, kama sekunde tano, ukakata. Njiani hakuna kitu kabisa. Fundi mwingine amepima mbano, silinda zote nne zimekaribiana.

Mleta mada

Basi ringi zako ziko salama, mkuu. Hizo ni vali sili (vimpira vinavyozuia oili kwenye vali) zimekauka, usiku oili inachuruzika hadi kwenye silinda. Usikubali ovahoo. Na wakifungua kava, waombe waangalie mkanda wa taimingi: wa kwangu una karatasi ya Kijapani yenye kilomita ulipobadilishwa, na ukishapita 100,000 ni wakati wake. Sili zinahitajika 16, maana injini ina vali 16; kuna muuzaji aliwahi kunipa 8 akaniapia zinatosha. Jumamosi naenda Gerezani, nitakuchukulia na kuzipakia kwenye basi la usiku.