Naomba ushauri: maziwa lala na dawa ya Parkinson

Hamjambo wenzangu. Naishi Kayole na baba yangu, miaka 68. Ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka, na anameza dawa yake iitwayo levodopa. Kinachomtesa kuliko hata kutetemeka ni kufunga choo, na shida hiyo ilianza miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Nimesoma kwamba bakteria wa utumbo huwasiliana na ubongo, na kwamba mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha bakteria aitwaye Enterococcus faecalis huivunja levodopa tumboni kabla haijafika ubongoni. Nilishtuka sana. Je, nimpe uji wa wimbi uliochachushwa na maziwa lala, au protini ya maziwa itazuia dawa? Mliouguza wazazi, mlipanga vipi saa za chakula na dawa?