Wakuu, niongeze laibrari hii ndogo ya chanzo huria au niandike yangu?

Mgeni_Mjini: Habari za jioni wakuu. Natengeneza mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri anataka risiti ioneshe kiasi kwa maneno chini ya tarakimu. Nimepata laibrari, yaani msimbo ulioandikwa tayari na mtu mwingine, ya faili moja, kama mistari 200, inageuza namba kuwa maneno ya Kiswahili. Niiweke? Siku ya tatu sijalala vizuri. Nawasilisha.

FundiSeva: Andika yako mkuu. Machi 2016 jamaa aliiondoa laibrari ya left-pad kwenye npm, ghala la mtandaoni la laibrari za lugha ya JavaScript. Ilikuwa mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa neno. Miradi kibao iliyoitegemea ikagoma, hata Babel, zana maarufu ya JavaScript. Tangu hapo kila ninachokitegemea nabaki na nakala yake.

ShangaziWaHesabu: Kuandika yako si lelemama mwanangu. 105,000 utaiandikaje? "Laki moja na tano"? Mwingine atasoma 100,005. Mimi niligombana na mwenye nyumba kwa maneno hayohayo kwenye karatasi ya malipo, mpaka mjumbe akaitwa. Iandikwe "laki moja na elfu tano", basi.

Mzee_Terminali: Leseni yake?

Mgeni_Mjini: Ni ya bure mkuu, iko wazi mtandaoni.

Mzee_Terminali: Bei sijauliza. Fungua faili la LICENSE, utuandikie mstari wa kwanza.

Mgeni_Mjini: GPL, toleo la 3. Ila wakuu, ni kifaili kimoja tu! Nimeshakinakili ndani ya faili langu, na yale maelezo ya juu yenye jina la mwandishi nimeyatoa. Mfumo uko kwenye kompyuta mbili za mteja na mkataba unasema msimbo ni siri. Nani atajua?

BintiBandari: Kufuta jina la mtu kwenye jasho lake ni wizi kaka. Mungu anakuona.

Mzee_Terminali: Ungeuendesha kwenye seva yako bila kumkabidhi mtu programu, GPL isingekudai kitu. Umeshamkabidhi mteja, kwa hiyo ana haki ya kupata msimbo wote kwa leseni hiyohiyo. Leseni kama MIT ingetaka ubakize jina na maandishi ya leseni tu. Mwandikie mwandishi, yeye anaweza kukupa leseni nyingine. GPL 3 inampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 za kurekebisha tangu mwenye haki amwarifu.

Kaka_Chapati: Hii chai, tena ya maziwa. Mwanzo "natengeneza", sasa imeshafungwa kwa mteja. Akaunti yenyewe ya leo.

FundiSeva: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Mgeni_Mjini: Si chai. Niliona aibu kusema nimeshakabidhi. Risiti ya jana hii hapa: saruji mifuko 5 @ 17,000, misumari kilo 4 @ 5,000. Jumla 105,000. Chini yake: "Shilingi laki moja na tano tu."

ShangaziWaHesabu: Ona! Na hiyo laibrari yenyewe imekosea!

Mzee_Terminali: Basi una la kumpelekea. Mwombe leseni, mpe na marekebisho. Jina lake umelirudisha?

Mgeni_Mjini: Nimelirudisha sasa hivi. Barua pepe nimetuma saa nne usiku. Kesho asubuhi naenda kwa tajiri.