Kapo ya nyuzi za kioo imetoka nzito, tena jelkoti imejikunja

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Jambo ndugu zangu. Kapo ya jeep, yaani kifuniko cha injini, eneo 1.8 m². Kalibu imepakwa nta mara sita, jelkoti (tabaka la nje la rangi) gramu 400, nikangoja dakika 25, halafu mati ya nyuzi ya 450 (gramu kwa m²) tabaka nne mfululizo. Rezini ya poliesta, ile gundi yake, imekula kilo 10. Katalizeri, dawa ya kuigandisha rezini, nilipima kwa kifuniko cha chupa. Imetoka na kilo 13.6, karibu sawa na ile ya bati. Upande wa ndani bado unanata siku ya pili hii, na jelkoti ya pembeni imejikunja kama ngozi ya chura. Kosa ni lipi?

Birere_Nyuzi (Goma)
Ndugu, mikunjo hiyo imetoka kwenye jelkoti. Kila m² inataka gramu 500 hadi 600, kwa hiyo kapo yako ilihitaji kilo 1 hivi. Ikiwa nyembamba haigandi sawasawa. Stirini, kiyeyusho kilichomo ndani ya rezini inayofuata, inaipenya, inaivimbisha, nayo inainuka kutoka kwenye kalibu. Saa usiitegemee, hasa jioni za baridi huku Kivu. Gusa pembeni kwa kidole: ikinata bila kuacha rangi kidoleni, weka mati.

Kifuniko cha chupa kitupe. Tumia mizani: kilo 1 ya rezini kwenye nyuzijoto 25 inataka katalizeri gramu 15, kwenye 18, gramu 20. Chini ya gramu 10 haitaiva hata ukingoja wiki. Chini ya nyuzijoto 15 usifanye kazi kabisa. Na vaa miwani: tone moja la katalizeri jichoni linapofusha. Likiingia, osha palepale kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi.

Kuhusu kunata, pangusa kwa asetoni kisha kwaruza kwa ukucha. Chini pakiwa pagumu, ni hewa tu iliyozuia ngozi ya juu kukauka. Tabaka la mwisho lilitaka rezini yenye nta ya parafini, inayoizuia hewa. Ukucha ukizama, katalizeri ilipungua.

Meka_Katuba (Lubumbashi)
Niongeze juu ya uzito, maana hapo ndipo kazi inapopotea. Tabaka zako nne ni kilo 3.2 za nyuzi, na umezimwagia kilo 10. Nguvu iko kwenye nyuzi. Rezini kazi yake ni kuzishika. Kwa mati, kilo 1 ya nyuzi inatosheka na kilo 2 hadi 2.5 za rezini. Pima rezini ya kila tabaka kabla ya kuanza, ikandamize kwa rola ya chuma mpaka weupe na mapovu viishe. Ukiona dimbwi linang'aa, rezini imezidi: ifyonze kwa brashi kavu.

Tena usitafute ugumu kwa kuongeza tabaka. Weka mati ya 300 nyuma ya jelkoti, kisha ya 450 moja, povu gumu la milimita 5 katikati ya kapo, na 450 nyingine juu yake. Unene ukiongezeka mara mbili, ugumu wa kupinda unaongezeka mara nane, na povu karibu halina uzito. Penye bawaba na kufuli usiweke povu: zika bati la milimita 3 lenye matundu, la sivyo bolti zitatafuna nyuzi.

Ile rangi ya waridi ya rezini kwa kawaida ni kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, ndugu wa hii inayochimbwa kwetu Katanga. Ukiinunua kando, ikoroge kwanza ndani ya rezini, ndipo utie katalizeri. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe zinalipuka.

Fundi_Kadutu (Bukavu)
Asante sana. Nimekwaruza: chini ni pagumu. Naweza kuiokoa?

Birere_Nyuzi (Goma)
Ndani, osha kwa asetoni, piga msasa wa 80, paka rezini yenye parafini. Nje, saga mikunjo yote mpaka uone nyuzi, jaza kwa mastiki ya poliesta, kisha rangi. Uzito utabaki huohuo. Kalibu ikiwa haijadhurika, mimi ningemwaga nyingine.