Bastola imekuwa taji, jembe limekuwa aibu: waandishi wa mazombi wamenichosha

Wakuu, leo mtanisamehe. Nimeirudia The Walking Dead, ile tamthilia ya Marekani ya dunia iliyovamiwa na mazombi (maiti wanaotembea), kuanzia sizoni ya kwanza, ile ya 2010, na nimebaki na hasira.

Mwanzoni silaha ilikuwa na maana. Rick, mhusika mkuu, ni naibu sherifu, na ile bastola yake ya Colt Python kiunoni ndiyo sheria pekee iliyobaki baada ya serikali kufa. Risasi 6 tu, kila moja ina uzito wake. Hapo sina ugomvi.

Njooni sizoni ya 4 sasa. Gerezani wanakojificha kumetulia, mzee Hershel kamshawishi Rick aweke bastola kando, alime, afuge nguruwe. Nikasema hapa ndipo hadithi inaanza, maana dunia imekwisha, watu watakula nini? Thubutu! Episodi ya pili tu, Rick anawatoa kafara nguruwe wadogo ili mazombi waondoke kwenye uzio, anachoma banda, anamrudishia mwanawe Carl bastola na yeye anajifunga yake. Na sisi tunatakiwa tushangilie kwamba Rick wetu karudi. Kumbe kulima ulikuwa ugonjwa, sasa kapona!

Halafu Negan, yule adui yao. Rungu lake la besiboli limezungushiwa seng'enge, limepewa jina la marehemu mkewe, linabembelezwa kama mtoto. Oktoba 2016 likawaua Abraham na Glenn, wenzake Rick. Glenn, ambaye silaha yake tangu Atlanta ilikuwa akili na miguu! Na humu humu kuna watu wakaliweka rungu kwenye avata. Aibu hamna?

Daryl, mpiga mishale wa kundi la Rick, peke yake ndiye namwachia. Mshale anauchomoa kwenye fuvu, anaupangusa, anaupiga tena. Mtu anayejua vitu vinaisha. Upanga wa mwenzao Michonne nao, chuma kile kinataka mafuta na kufutwa kila mara, tena kwa unyevu wa Georgia. Hayo hawaonyeshi, wanaonyesha vichwa vinaruka.

Najua mtaniletea sizoni ya 9, walipoingia makumbusho Washington kuchukua plau na mbegu. Ndiyo, nimeiona, na ni ya maana kuliko mauaji yote ya Negan. Episodi chache mbele Rick kaondolewa, tukarudi kwenye visu.

Wa "ni muvi tu mkuu" piteni kimya. Wengine nitajieni hadithi moja ya aina hii ambayo mwenye mbegu ndiye anayeogopwa. Moja tu.